Mashabiki Wanaomba Nguvu, Kinachokosekana ni Gharama

Msimu wa mwisho wa My Hero Academia, katuni ya Kijapani inayohusu shule ya mashujaa, ulipomalizika Desemba 2025, uliamsha ugomvi uliokuwa umelala tangu Agosti 2024, pale sura ya 430 ya manga yake, yaani hadithi yenyewe ya michoro jaridani, ilipoifunga hadithi. Izuku Midoriya, ambaye wengi tunamwita Deku, anaishia bila nguvu. Miaka minane baada ya vita kubwa yeye ni mwalimu katika shule ileile iliyomlea, na wenzake wa darasa moja ndio mashujaa wanaoshangiliwa mitaani. Kundi moja la mashabiki lilisema kijana ameonewa, likaanza kuandika miisho yake lenyewe: Deku abaki na One For All, ile nguvu aliyorithishwa na shujaa All Might, Deku azaliwe upya na nguvu nyingine, Deku arithishwe mara ya pili. Kundi jingine likawabeza hao kwamba hawajui hadithi ni nini, wanachotaka ni kuona ngumi kubwa kuliko ya jana.

Kwa maoni yangu makundi yote mawili yamekosea, tena mahali pamoja. Yote yanadhani mjadala huu ni wa nguvu. Shabiki anayedai mhusika wake aongezewe uwezo mara nyingi ameona kasoro ya kweli katika safari ya mhusika huyo, na anastahili kusikilizwa. Anapokosea ni kwenye dawa. Kilichopungua, karibu kila mara, ni gharama: mhusika amepata bila kutoa, au ametoa kitu kikubwa na hadithi ikageuza uso isimtazame akikitoa. Nguvu ikishatengana na gharama yake, safari ya mhusika inakatika hapohapo, hata kama mapigano yanazidi kunoga.

Wanaowabeza mashabiki husahau jinsi hadithi hizi zinavyotengenezwa. Jarida la Weekly Shonen Jump la Japani, lililochapisha Dragon Ball, Naruto na hiyo My Hero Academia, limekuwa kwa miongo mingi likiwauliza wasomaji wake, kwa kadi za posta zilizowekwa ndani ya jarida, ni hadithi zipi zimewapendeza zaidi. Hadithi inayoporomoka kwenye kura hizo inaweza kukatwa kabla haijasimama vizuri. Wahariri nao ni hadhira, tena hadhira yenye rungu mkononi. Akira Toriyama alisimulia jinsi maadui wa sehemu moja ya Dragon Ball walivyobadilishwa: mhariri wake wa zamani, Kazuhiko Torishima, alilalamika kwamba maadui wapya ni mzee na mtu mnene tu, wakaletwa Namba 17 na Namba 18, Torishima huyohuyo akaona hawa nao ni watoto, ndipo akazaliwa Cell, na umbo la kwanza la Cell nalo likalalamikiwa na Yu Kondo, mhariri aliyekuwa zamu wakati huo, Cell akalazimika kubadilika. Adui tunayemhesabu leo kuwa nguzo ya hadithi ile alitokana na manung'uniko. Sisi tuliosoma fasihi simulizi shuleni hatupaswi kushangaa. Tulifundishwa kwamba fanani hasimulii ukutani. Hadhira huitikia, huguna, hukatiza, na ngano ya usiku huo hubadilika kwa sababu yake.

Kwa hiyo swali si kama mashabiki wana haki ya kupendekeza. Swali ni wanapendekeza nini, na hapo Dragon Ball inatufundisha kuliko hadithi nyingine yoyote, kwa sababu ndiyo iliyotuzoesha kuipima nguvu kwa tarakimu. Maadui walipokuja na vile vipima nguvu vya machoni, mkulima mwenye bunduki alipimwa akapewa 5. Haikupita muda mrefu tukasikia habari za 18,000, na punde adui mkuu Frieza akatangaza kwamba yeye ni 530,000 na bado hajabadilika umbo. Huo ni mfumuko wa bei. Fedha ikichapishwa ovyo, noti ya elfu kumi hainunui mkate, na nguvu ikiongezwa ovyo, mlima unaopasuliwa haumshtui mtazamaji. Toriyama aliliona hilo. Baada ya Frieza aliachana na tarakimu kama kipimo cha hadithi. Mashabiki ndio tuliobaki nazo, na mpaka leo kuna watu wazima wanaokesha wakipiga hesabu za nani angempiga nani. Mapendekezo yanayotoka kwenye hesabu hizo ndiyo dhaifu kuliko yote. Ukimpa Krillin, mpiganaji wa kawaida, umbo jipya linalomfikisha alipo Vegeta, mmoja wa wenye nguvu kuliko wote, umeongeza tarakimu, lakini hujamwambia mtazamaji jambo lolote jipya kuhusu Krillin.

Gohan, ambaye baba yake Goku ndiye steringi wa Dragon Ball, ni kesi nzito zaidi, na nitakaa naye kidogo. Toriyama alikusudia Gohan arithi nafasi ya steringi kutoka kwa baba yake, kisha akaona kijana hafai nafasi hiyo, Goku akarudishwa. Tangu hapo mashabiki wamedai Gohan arudishiwe hadhi yake, na mwaka 2022 filamu ya Dragon Ball Super: Super Hero, iliyoandikwa na Toriyama mwenyewe, iliwajibu. Gohan alipata umbo jipya, nywele zikasimama juu, macho yakawa mekundu. Kumbi zilishangilia. Ukiichunguza safari yake, hata hivyo, swichi iliyobonyezwa ni ileile ya zamani ya mbele ya Cell: mtu anayempenda anaumizwa, hasira inapasuka, nguvu inatoka. Mtu mzima mwenye mke, mtoto na taaluma amerudishwa kwenye jambo lililomtokea akiwa mtoto. Kitu kimoja ndani ya mapigano yale kilinigusa kweli, nacho hakikuwa umbo jipya: Gohan anammaliza adui kwa mbinu ya Piccolo, mwalimu aliyemlea nyikani. Hapo nguvu ilibeba historia ya mtu.

Sasa rudi kwenye pambano la Cell lenyewe. Gohan alikuwa na uwezo wa kumaliza vita, akakataa kummaliza Cell upesi kwa kuwa alitaka ateseke kwanza. Cell akavimba ili ajilipue, na Goku akafa kwa kumhamisha mbali na dunia. Mtoto yule alishinda nguvu za kila mtu aliyekuwepo, na kiburi cha dakika chache kikamgharimu baba. Hakuna gharama kubwa kuliko hiyo katika hadithi nzima. Kisha tunaruka miaka saba, Gohan yuko sekondari, anavaa vazi la ushujaa la kuchekesha, na jeraha lile hatuelezwi limekwenda wapi. Mashabiki wanasema Gohan aliharibiwa kwa kuwa alidhoofika. Mimi nasema kudhoofika kwake kuna mantiki kubwa: nani angependa kufanya mazoezi ya kitu kilichomuulia baba yake? Kilichokosekana ni kurasa mbili tu ambamo angelisema hilo kwa kinywa chake, labda kwa Piccolo, labda kwa mdogo wake Goten aliyezaliwa asimkute baba. Kurasa hizo zingeigeuza miaka saba ya uvivu kuwa miaka saba ya kuogopa mkono wake mwenyewe, bila kumwongezea hata chembe ya nguvu.

Mpwa wangu alinionyesha zamani kaunta buku aliyokuwa ameijaza hadithi mpya ya Rock Lee wa Naruto. Nilimwelewa upesi. Lee ndiye mtoto asiyeweza ninjutsu wala genjutsu, yaani mbinu za kichawi na za kiinimacho za ninja, aliyebaki na mwili na jasho tu, na siku alipovua vile vyuma vya miguuni mbele ya mpinzani wake Gaara watazamaji wa dunia nzima walisimama. Alifungua milango ya ndani ya mwili, akauvunja mwili huohuo, akashindwa, na akapasuliwa na mganga Tsunade akijua kwamba anaweza kufa mezani. Halafu hadithi ikamsahau. Sura 700 za mwandishi Masashi Kishimoto zilipofika mwisho mwaka 2014, Naruto tuliyemjua kama mtoto wa mitaani aliyeaminishwa na jasho lake alikuwa ameshageuka mwana wa Hokage wa nne, yaani mkuu wa kijiji, na mrithi wa roho ya kale. Mpwa wangu, katika kaunta buku yake, alikuwa amempa Lee chakra, yaani nguvu ya ndani ya ninja, ya upepo na ya radi. Nilimuuliza Lee mwenye radi anabaki kuwa nani. Alinyamaza muda mrefu.

Ukimpa Lee ninjutsu umemuua Lee. Upungufu wake ndio nguvu yake, na malalamiko halali ya mashabiki ni kwamba hadithi iliahidi kuujibu upungufu huo, kisha ikatoa jibu kwa mtu mwingine. Mwalimu wake, Might Guy, ndiye aliyefungua mlango wa nane mbele ya adui Madara, mlango ambao anayeufungua hulipa kwa uhai, na akafika karibu kabisa na kumuua mtu aliyekuwa amewashinda wote. Pambano lile bado linanitoa machozi. Hata hapo, Naruto alikuja akaizima ile gharama kabla haijalipwa yote, na Guy akabaki hai akiwa na mguu usiofaa tena kwa vita. Nakubali uamuzi huo, kwa sababu gharama haikufutwa, ilipunguzwa tu. Lakini mwanafunzi alikuwa pale akitazama, na sijawahi kuona pendekezo la shabiki lililo bora kuliko lile jepesi kabisa: mruhusuni Lee aamue jambo moja, yeye mwenyewe, kwa sababu ya alichokiona siku hiyo.

Anayedhani nguvu na safari ya mhusika haviwezi kwenda pamoja katika katuni ya wiki hadi wiki amtazame Zuko, mwanamfalme wa Taifa la Moto. Avatar: The Last Airbender ilirushwa Marekani na Nickelodeon kuanzia 2005 hadi 2008, vipindi 61. Katika msimu wa pili Zuko anashindwa kutoa radi, na mjomba wake Iroh anamweleza kwamba radi inataka utulivu ambao moyo wake hauna. Badala yake anamfundisha kuipokea radi ya mtu mwingine na kuiongoza itoke, mbinu ambayo Iroh aliipata kwa kuwachunguza watu wa maji, yaani kwa kujifunza kutoka kwa mataifa ambayo taifa lake lilikuwa likiyapiga vita. Msimu wa tatu Zuko anamtolea baba yake ukweli usoni, baba anamtupia radi, na mbinu ile inamwokoa. Anahamia upande wa Aang, steringi wa hadithi hiyo, na moto wake unafifia. Kwa miaka yote moto huo uliwashwa na hasira. Hasira ilipoondoka, hakubaki na kuni. Analazimika kwenda kwa mazimwi wa kale ajifunze upya moto ni nini. Kwa kutenda jema kijana amepungukiwa nguvu! Na katika pambano la mwisho anajirusha mbele ya radi iliyomlenga mwenzake Katara, bila kupata nafasi ya kuiongoza ipasavyo. Kila hatua ya uwezo wake ni hatua ya tabia yake, huwezi kuvitenganisha hata kwa kisu. Kazi hiyohiyo, kwa Aang, ilipitia njia ya mkato: siku chache kabla ya pambano la mwisho kobe mkubwa wa kale anampa uwezo wa kuondoa nguvu za mtu, na ule mtihani wake mzito wa kuua au kutoua ukayeyuka. Waliolalamika wakati huo hawakutaka Aang aue. Walitaka rehema yake imgharimu kitu.

Turudi kwa Deku sasa, tukiwa na mizani hiyo mkononi. Sehemu bora za My Hero Academia ni zile za mwanzo, ambapo kila pigo lilimvunja mfupa. Kwenye tamasha la michezo la shule anavivunja vidole vyake kimoja baada ya kingine mbele ya Shoto Todoroki, akimlazimisha Todoroki autumie ule moto aliourithi kwa baba anayemchukia. Deku anashindwa pambano hilo, na amemsaidia mpinzani wake. Siku ile niliamini kwamba huyu ni shujaa. Baadaye daktari anamwonya kuhusu mikono yake, anahamia kwenye mateke, na hapo pia uwezo ulibadilika kwa sababu ya gharama. Kisha zikaja nguvu sita za warithi waliomtangulia, zikimiminika kwa haraka kuliko zilivyoweza kueleweka: kamba nyeusi, kuelea, kuhisi hatari, moshi na nyinginezo. Mashabiki waliosema wakati huo kwamba steringi amegeuzwa kabati la silaha walikuwa sahihi, na wengi wao walikuwa wakiomba apunguziwe. Wanaodai kwamba mashabiki kila siku wanataka nguvu zaidi hawaikumbuki miaka hiyo.

Ndipo tukafika mwisho. Ili kumfikia mpinzani wake Shigaraki na kumshinda adui aliyejificha ndani yake, Deku anaitoa One For All yote, na baada ya vita anabaki na makaa tu yanayozimika polepole. Ni gharama kubwa kuliko zote alizowahi kulipa, na imelipwa kwa uamuzi wake. Kwa mantiki ninayoitetea, huo ndio mwisho uliostahili. Kwa nini basi uliwachoma watu wengi? Kwa sababu tunaruka miaka minane. Makaa yanazimika wakati hatupo. Tunamkuta mtu mzima anayetabasamu darasani, na kabla hatujaizoea huzuni yake All Might anamletea mkoba wenye vazi la kivita, lililogharamiwa na wenzake, Bakugo, mpinzani wake wa tangu utotoni, akiwa mstari wa mbele, ili arudi kazini. Hasara haikupewa muda wa kuwa hasara, na fidia ikaja kabla hatujalia. Kitabu cha 42 na cha mwisho kiliongeza sura moja ya ziada iliyogusa zaidi maisha ya wenzake na hisia za Deku na mwenzake wa darasa Ochaco, na iliwatuliza wengi, lakini ile miaka minane ilibaki imefungwa.

Wapo wanaolitetea vazi lile kwa hoja nzuri, nami naipa uzito. Wanasema mada ya hadithi tangu mwanzo ni jamii iliyomtwisha mtu mmoja, All Might, mzigo wa wote. Kwa hiyo ni haki kabisa kwamba mwishoni wengi wanachanga kumwinua mmoja. Ni kweli, na ni wazo zuri. Udhaifu wake ni kwamba tumeambiwa walichanga, hatukuwaona wakichanga. Ochaco, aliyeingia shule ya mashujaa ili awatafutie fedha wazazi wake wenye kampuni ya ujenzi iliyoyumba, alitoa nini? Hapo palikuwa na hadithi nzima ya msichana ambaye nguvu zake zina gharama tangu siku ya kwanza, kwa kuwa akizidisha kuelea anatapika. Ilipita kama taarifa.

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya mashabiki ni ya muda na mwili. Mwandishi wa manga ya kila wiki anatoa sura kwa sura, afya yake ikichakaa, bila nafasi ya kurudi nyuma kurekebisha. Kohei Horikoshi, mwandishi wa My Hero Academia, alifanya hivyo kwa miaka kumi, tangu 2014. Shabiki yeye anasahihisha akiwa ameshauona mwisho, kwenye kiti, bila tarehe ya kukabidhi kazi. Hoja hii inatulazimisha kuwa na adabu tunapoandika mapendekezo yetu, na ni aibu kwamba wengine wamewatukana waandishi hadi kuwaumiza. Lakini kujua kwa nini ufa ulitokea hakuuzibi. Msimu wa kwanza wa The Legend of Korra, mwendelezo wa Avatar, uliagizwa kama hadithi fupi ya vipindi 12, na hilo linaeleza kwa nini nguvu za Korra zilizopotea zilirudishwa dakika za mwisho na Aang, bila yeye kutaabika. Ukipata muda unafanya vingine: sumu aliyopewa mwisho wa msimu wa tatu ilimweka kwenye kiti cha magurudumu, na msimu wa nne ukatuonyesha taabu ya miaka mitatu ya kurudi, hatua kwa hatua. Kosa lilikuwa lilelile, na safari hii hawakulirudia.

Hoja dhaifu zaidi ni ile isemayo kwamba hizi ni katuni za watoto, nguvu ni burudani, hakuna cha kuchambua. Atakayesema hivyo amweleze basi Fumo Liyongo. Watu wa mwambao wamemkumbuka kwa karne nyingi, na hawakumkumbuka kwa wingi wa maguvu yake. Wanakumbuka kwamba chuma hakikumdhuru isipokuwa shaba kitovuni, kwamba mwanawe aliyetumwa na maadui alimuuliza siri hiyo, na kwamba alimjibu hali moyo wake umeshahisi kilichomleta. Nguvu, kikomo chake, na uamuzi wa mwenye nguvu. Watoto waliokaa mkekani wakisikiliza utendi ule walikuwa na swali lilelile la mpwa wangu: kwa nini alimwambia?

Kwa hiyo, kama nami ningeruhusiwa pendekezo moja, ningeyachukua yale makaa. Deku ametoka vitani, na ndani yake mna moto uliobaki wa matumizi machache, usioweza kuongezwa. Yumo shuleni bado, na nje mji umebomoka, watu wako chini ya vifusi kila wiki. Kila anapookoa mtu, moto unapungua, naye anaujua kadiri unavyopungua kama mwenye nyumba anavyolijua pipa la maji msimu wa ukame. Wenzake wanamwomba autunze. Bakugo anamfokea autunze. All Might, aliyepitia njia hiyohiyo mpaka akabaki mifupa mitupu, hasemi kitu, kwa kuwa hana haki ya kusema. Na siku moja, isiyo ya vita, bila adui wala kamera za televisheni, mtoto anateleza kwenye ngazi za stesheni ya treni, na Deku ananyoosha mkono.